Guu Lisilosikia

Kabla ya kisu nilikuwa na maumivu ya kawaida,
ya kiuno, ya fundi yeyote aliyeinamia cherehani miaka ishirini na mitatu
hapa Isevya, mkabala na mashine ya kusaga.
Nilipanda treni kwenda Mwanza nimejikunja kama kitambaa kilichokosa mteja.
Nikarudi nimenyooka.
Ndiyo, nimenyooka. Mshono wa mgongoni ni mzuri,
nimeupapasa kwa vidole: matundu kumi na manne, uzi umekazwa sawa.
Mimi mwenyewe nisingeshona hivyo.

Lakini miguu imegawana mali.

Wa kulia unatii, hausikii.
Wa kushoto unasikia, hautii.

Daktari Rwezaura alichora nyuma ya bahasha ya picha:
"Hutokea kwa nadra sana, mama. Damu kidogo iliganda,
ikaubana ugwe wa mgongo upande mmoja.
Njia za nguvu hushuka upande ule ule.
Njia za maumivu huvuka."
Akatafuta mfano. Nikampa mimi:
kama stesheni ya kwetu Tabora,
behewa hili la Kigoma, lile la Mwanza,
na aliyelala bila kuuliza huamkia mji wa watu.
Akacheka. Kisha akachukua pini.
"Unasikia?"
Nikamtazama usoni tu.

Januari, sare za shule zimejaa hadi kitandani,
kaa la pasi likadondoka.
Harufu ndiyo iliyoniita. Nikadhani ni nguo ya mtu.
Nikakagua sketi, nikakagua kola,
mpaka Mhoja, ninayemfundisha kazi, akapiga yowe:
"Mama, ni wewe!"
Kumbe ni mimi. Nyama yangu inaungua
nami nimekaa kama mgeni kwenye msiba asiomjua maiti wake.

Mama mkwe alikuja na uji na methali:
asiyesikia la mkuu huvunjika guu.
Alinikataza kupasuliwa, ni kweli.
Mama, nikamwambia, hapa guu ndilo lisilosikia.
Anayevunjika ni mwenye nalo.
Akaukoroga uji
ambao haukuhitaji kukorogwa.

Sasa maji ya kuoga nayaonja kwa mguu mbovu,
ndio pekee uliobaki kusema kweli.
Pedali naikanyaga kwa ule mzima,
nikiulinda kwa macho kama mtoto aliye karibu na kisima.
Usiku taa ikizimika, sijui umelala wapi.

Jana natoka sokoni, kitoto kikanifuata mbio
na kandambili ya kulia mkononi, mkanda umekatika.
"Uliiacha kule kwenye reli!"
Kule kwenye reli.
Nimetembea peku kote huko
na hakuna aliyeniambia.

Nikaketi kizingitini kwa watu, nikageuza wayo.
Kokoto tatu, moja imezama.
Nikazitoa taratibu, nikiuambia pole,
kwa sauti,
maana huwezi kujua.