Shibiri Moja Kando ya Ukuta

Ilikuja ndani ya boksi, imelala kama kobe.
Mwanawe Bi Kemirembe kaituma toka ng'ambo.
Fundi akatandaza waya kuzunguka kiwanja,
akabonyeza kidude, akasema: "Mzee Drajiga, pumzika."
Neno pumzika, kwa kibarua,
lina makali kuliko fyekeo.

Sitaisingizia. Nasema nilichokiona.
Kila siku inanyoa kidogo, unywele kwa unywele,
inachokata inakiacha palepale kioze kiwe mbolea,
na ukoka, uliozoea kungoja wiki mbili
nije niupige kushoto kulia hadi uwe wa manjano,
ukajaa, ukafungamana.
Mimi nilikuwa nakata kwa hasira za mgongo:
huku kipara, kule kishungi.
Yeye hana mgongo.
(Nimeanza kumwita yeye, sijui tangu lini.)
Mvua ya Entebbe ikidondoka kutoka ziwani
anarudi kibandani kunywa umeme,
na umeme ukikatika tunakaa wote wawili,
mimi barazani, yeye kibandani,
kama vibarua waliocheleweshewa mshahara.

Kwarara walimwogopa siku tatu.
Ya nne wakamfuata nyuma, wakidonoa.
Mbwa alimkojolea.
Asubuhi moja alinasa kwenye shimo la fuko,
magurudumu yakizunguka hewani;
nikampindua, nikamfuta udongo kwenye visu,
visu vitatu tu, vyembamba
kama wembe wa kinyozi wa Nakiwogo.

Mwezi wa tatu nilipiga magoti.
Kutoka barazani, kijani kitupu;
Bi Kemirembe anapiga picha, anamtumia mwanawe.
Kutoka magotini, habari nyingine:
ndago imejifunza kimo.
Haitoi shingo tena. Inanyolewa sawa na ukoka,
kama watoto wa shule moja,
na chini, gizani, inazaa vitunguu vyake,
kimoja kimeshika mkono wa kingine.
Kishona nguo, kilichokuwa kikinifika kiunoni,
sasa kinachanua chini ya kisu,
kimelala kifudifudi, kifupi kama kifungo cha shati.
Mashine imepewa kazi ya urefu.
Hakuna aliyeiambia habari ya mizizi.

"Kwani hizi si nyasi?" Bi Kemirembe aliuliza,
akavua ndala, akakanyaga.
Sikumjibu. Nilichimbua moja kwa kisu cha kumenyea muhogo,
nikaifuata, nikaifuata, mkono ukazama hadi kiwiko,
nikamwekea kiganjani vitunguu kumi na saba.
Alivihesabu mara mbili.

Siku hizi tumegawana.
Yake ni katikati, pale macho ya wageni yanapotua.
Yangu ni mizizi, mashimo ya fuko,
na shibiri moja kando ya ukuta
ambako waya haumruhusu kufika.
Hapo fyekeo bado ni fyekeo:
tupa juu ya makali, kokoto zikiruka,
harufu ya majani mabichi ikinipanda puani
kama zamani, nilipokuwa na kiwanja kizima.
Mshahara umepunguzwa. Sikufichi.
Nao mgongo umepungua kulalamika; hilo pia sikufichi.

Nikiwa magotini huja, akanigonga kiatu,
akasita, akageuka njia nyingine.
Namwambia: pita, mwenzangu, mimi bado nipo hapa.
Kisha naingiza kisu, nakung'uta udongo, nahesabu.
Kumi na nane.