Tundu la Pili, Vuta

Kila Alhamisi, saa nne asubuhi,
nampeleka baba zahanati ya bondeni.
Mtungi wa oksijeni umekaa kati yetu garini,
umefungwa mkanda kama mtoto.
Barabara za huku Kentaki hazijui kunyooka;
hii inajikunja na kijito, inapita kanisa, duka la matairi,
kisha ule mlima uliokatwa kichwa.
Baba hautazami.
Anahesabu nguzo za simu kwa pumzi zake:
nguzo moja, pumzi mbili.
Mwaka jana ilikuwa moja kwa moja.

Ndani kuna meza ya plastiki na wazee sita.
Dada Treva, muuguzi wa mapafu,
anagawa vinanda vya mdomo kama anayegawa biskuti:
tundu kumi, bati juu na chini,
katikati vijiulimi vya shaba, vyembamba kuliko ukucha.
"Sitaki kufanywa mtoto," baba alisema siku ya kwanza.
Hobart Slone, ambaye hajawahi kukubali jambo lolote,
alikinusa chake, akakitikisa,
akauliza betri inaingilia wapi.

Treva akasema: filimbi huimba ukitoa tu,
tarumbeta vilevile.
Hiki kinakulipa njia zote mbili.
Ukitoa kinaimba. Ukivuta kinaimba.
Baba akacheka mpaka kikohozi kikamkamata.
Miaka thelathini na moja alivuta chini ya ardhi
na kwa kuvuta kule hakupata hata noti moja.

Kampuni ilimpa saa ya mfukoni: asante ya punda.
Daktari wao akaandika: sigara.
Baba hajavuta sigara tangu azaliwe.
Alichovuta ni mlima.

Sasa anajifunza tundu la pili, vuta.
Ndilo gumu. Linataka hewa ya chini kabisa,
kutoka ghala ambako vumbi limetia kufuli.
Mara ya kwanza lilitoa sauti ya mlango wa banda.
Mara ya ishirini, mlango uleule, umetiwa mafuta.
Usinyonye kama soda, Treva humwambia,
pumua tu, kinanda kiwe njiani.

Hakuna kati yao awezaye kumaliza ubeti.
Basi wakaugawa, bila kikao wala katibu:
baba anaanza, pumzi ikimkatikia Hobart anaudaka,
Estill anaubeba kama ndoo iliyojaa,
Verlon anautua.
Ulikuwa wimbo wa treni,
na treni yao ilisimama kila kituo.

Mwezi wa tatu Verlon hakuja.
Kiti wamekiacha palepale, na koti la mtu juu yake.
Walipofika kwenye noti zake mbili
hakuna aliyezichukua.
Wazee watano wakakaa na vinanda midomoni,
oksijeni tu ikiwanong'oneza puani,
kwa muda wa noti mbili kamili.
Kisha Hobart, macho dirishani, akaendelea.

Usiku, ukuta wa chumba changu ni mwembamba.
Hapigi wimbo. Anaegemea mto, amekaa,
kwa kuwa kulala chali kunamkaba,
anaweka kinanda mdomoni na kusinzia nacho.
Toa. Vuta. Toa.
Nilidhani ningekichukia,
mimi niamkaye saa kumi kwenda kuwasha jiko la shule.
Kumbe sauti hainiamshi.
Ikikatika ndipo ninapoamka.

Nasimama nyuma ya mlango wake, miguu mitupu,
nimeibana pumzi yangu mwenyewe
kana kwamba akiba hiyo ingemfaa.
Sekunde nane. Tisa.
Kisha lile la pili, limekwaruza,
naye anasema gizani, bila kuulizwa:
"Makombo. Ni makombo ya mkate wa mahindi, yamekwama."
Anakigonga gotini.
Anakigonga tena.