Ndoo Moja na Nusu

Nilikipima chumba kwa nyayo, si kwa futi:
hatua nne kutoka mlangoni hadi ukutani,
tatu na kidole gumba kutoka kitandani hadi dirishani.
Bati juu, dari hakuna.
Mwezi wa kumi, Nkuhungu, saa nane mchana,
na mimi ni mtu wa zamu ya usiku
ninayetakiwa kulala
jua likikaanga misumari ya paa.

Juzi, wodi ya wazazi, niliandika kilo za mtoto
kwenye kadi ya mtoto mwingine.
Mama yake ndiye aliyeona. Akacheka.
Mimi sikucheka. Nilikwenda kuhesabu akiba.

Dukani, Barabara ya Sita, kijana Ndahani
alizinadi mashine kama ng'ombe wa Msalato,
tazama mguu, tazama mgongo.
"Hiki, dada, ni kiyoyozi kamili, kina magurudumu,
kitakuletea Njombe chumbani."
Nyuma kina bomba nene la kutolea joto dirishani.
Dirisha langu lina nondo na wavu wa mbu,
na mwenye nyumba, Mzee Sajilo,
alishanifokea kwa msumari wa kalenda.
Tena mita ni moja, wapangaji watano;
pasi ya Nyemo peke yake ilivunja urafiki wa miaka miwili.
Nikauliza kinakula uniti ngapi kwa saa.
Ndahani akaanza kunieleza kuhusu rangi.

Cha pili kilikuwa chepesi, plastiki ya kijivu,
tangi tumboni, sponji mgongoni:
unamimina maji, feni inavuta hewa
ipite kwenye sponji iliyolowa.
Bei, chini ya nusu.
Nikampigia dada yangu, Mbagala. "Usithubutu!
Changu kiligeuza chumba jiko la wali,
shuka zikanata, ukuta ukaota ukungu."
Namwamini. Kwake hewa imekwisha kunywa, imeshiba.
Hapa ina kiu tangu mwezi wa tano;
inapasua midomo, inapasua visigino,
kanga ya kwanza inakauka kambani
sijamaliza kukamua ya pili.
Hewa kama hii ukiipa maji
itakosaje kushukuru?

Lakini maji.
Kwetu hutoka Jumanne na Ijumaa, yakipenda,
na yana chumvi, yanaacha mstari mweupe ndooni.
Nikasimama katikati ya duka, nimeziba njia,
nikipima umeme nisiokuwa nao
na maji nisiyokuwa nayo.
Mwisho nikajiambia: maji nitayabeba.
Umeme haubebeki kichwani.

Ndahani akafunga boksi kwa kamba, halafu akatoa
neno lake moja la kweli siku ile:
"Usijifungie nacho. Kile kingine kinataka ufunge kila tundu,
hiki kinataka hewa ipite. Acha dirisha wazi."

Kwa hiyo nalala dirisha wazi
na uani kote kunaingia pamoja na ubaridi:
sufuria, kuku,
mtoto wa Nyemo akisoma ba, be, bi
na kuiruka bo kila mara,
Mzee Sajilo akikohoa anapopita
ili nijue kwamba amekiona.
Sponji inanuka vumbi lililoguswa na mvua ya kwanza.
Mwili unadanganyika. Unalala.

Saa tisa na nusu huniamsha ukimya wa tangi:
maji yameisha, feni inapuliza
joto lilelile la jana.
Nainuka, natafuta ndoo kwa mguu.

Siku hizi mtu akiniuliza nalala kiasi gani
sisemi saa.
Nasema ndoo moja na nusu,
na chumvi ninayoikwangua kila Jumapili
kwa kisu cha mkate.