Chupa za Maskati

Ngazi ya kwetu Langoni ina vipandio kumi na saba,
na cha kumi na tatu kimemong'onyoka ukingo
tangu kabla sijazaliwa.
Mama alikijua kama ulimi ujuavyo jino bovu:
alikipita kwa ubavu, usiku, bila taa,
miaka arubaini na tisa.

Kisha zikaanza kuja chupa.

Ndugu yangu Bwanaheri yuko Maskati,
anaendesha winchi bandarini,
na aliye mbali hupenda kwa kilo.
Zamani tende. Sasa vidonge:
vya mifupa, vya damu, vya mishipa,
vingine vya manjano kama mkojo wa punda,
vingine vinene kama kokwa za zambarau.
"Mpe viwili," aliandika.
Halafu, "Mpe vinne. Huku wazee wanameza sita,
wanatembea kama vijana."

Mimi ndiye niliyehesabu.
Niliseme mapema, nisingoje kuulizwa.
Mimi, Mwanakombo, na kisahani cha kahawa:
vinne asubuhi, vinne baada ya isha,
na kile kikubwa cha mwezi, chenye mafuta ndani,
alichokimeza kafumba macho
kama mtu anayepiga mbizi.
Hakuuliza ni cha nini.
"Kimetoka kwa mwanangu," alisema,
na kwake hayo ndiyo yalikuwa maandishi ya chupa.

Ikafika siku akaanza kushika ukuta.
Si sana. Kiganja tu, kwenye chokaa, akipita.
Nikasema ni joto.
Nikaongeza kidonge.

Jumanne alfajiri sikusikia ukelele.
Nilisikia kata ya maji ikishuka peke yake,
kipandio kwa kipandio, nami kitandani
nikaihesabu kabla sijajua nahesabu nini:
kumi na mbili, kumi na moja, kumi...

Wapwa zangu wanne walimbeba kwa kitanda cha kamba.
Kichochoro chetu hakikujengewa kitanda.
Penye kona ya Omari Fundi walimwinamisha
kama mlango unaoingizwa nyumba mpya,
na punda wa mchanga akagoma kurudi nyuma.
Mama, nyonga imevunjika,
akamwambia punda, "Tafadhali, baba."

Daktari Kadzo aliinua picha dirishani.
Mfupa mweupe, na ufa mwembamba
kama unywele ulioanguka kwenye sahani.
"Alikuwa akitumia nini?"
Nikazitoa mkobani, moja moja. Kumi na moja.
Alisoma namba, akanyamaza, akasoma tena.
"Hii ina kile kile. Na hii. Na hii nayo."
Akasema hawezi kuapa kwamba ndizo zilizomwangusha.
Ila wako wanawake wa umri wake, nchi za mbali,
waliopewa nyingi kwa nia njema,
wakaanguka zaidi, wakavunjika zaidi,
kuliko waliopewa vidonge vitupu.

Nia njema. Nilirudi nayo nyumbani
kama mtu aliyerudishiwa chenji pungufu.

Sasa mama hupanda jua saa mbili asubuhi,
yaani tunampandisha juu ya dari,
mikono wazi, buibui pembeni,
anatafuna simsim na kulalamika.
Chupa tatu zimetiwa iliki. Moja misumari.
Na kile kipandio, Omari amekitia saruji.
Kazi ya nusu siku.
Nusu siku.

Leo simu imelia: Bwanaheri.
"Mzigo mwingine uko njiani.
Mifupa yake sasa inahitaji zaidi."
Nimeandika, nimefuta. Nimeandika tena.
Mama ananitazama kidole.
"Mwambie nimeshukuru," anasema.
"Na mwambie chupa zimetosha, aje yeye."

La kwanza nimeshalituma.