Vikuba vya Panya

Niliambiwa: panya arobaini, juu, ghorofa ya pili.
Nikaja na mtego.
Daktari Famau akacheka hadi miwani ikamtoka:
Sivyo, dada. Nataka vikuba.

Nyumba ya Mkomani, chumba chenye zidaka,
na ndani ya zidaka, badala ya sahani za bibi wa watu,
vizimba.
Ishirini upande huu, ishirini ule.
Wa huku walipata pumba, maji, na harufu ya pumba.
Wa kule niliwafungia kila alfajiri
vifuko vya shashi, vidogo kama kucha:
leo hiliki na ganda la ndimu,
kesho mrehani, keshokutwa kijiti cha udi,
asumini siku ya Alhamisi, kwani ndiyo siku yake.
Hawajui harusi hawa,
lakini walikuja, sharubu zikitetemeka,
kama jirani aliyesikia sufuria ikifunuliwa.

Siku ya arobaini wakapimwa.
Tone la marashi katika ndoo,
kisha tone la ndoo hiyo katika ndoo nyingine.
Mimi, niliyelelewa chini ya mrashi,
nilinusa nikasema: maji.
Wa kule walisimama, wakageuza shingo,
wakachimba mchanga palepale lilipodondoka.
Wa huku walipita kama wapitavyo watalii,
isipokuwa mmoja, wa kizimba cha saba,
mwenye sikio lililokatika,
ambaye hakuna aliyempa kitu
na alijua.
Famau akamwandika kwa wino mwekundu.
Hakusema neno.

Akanieleza kwa maganda ya njugu, mezani:
seli za kunusia huzaliwa mbali, ndani kabisa ya kichwa,
kila siku, hata kwa panya mzee,
zikatambaa kwa foleni hadi nyuma ya pua.
Hapo hubisha hodi.
Isiyopata kazi hufa.
Harufu ndiyo kazi, akasema,
na wale wako wa kule, walioajiriwa ni wengi.

Nikamwuliza: umeziona wapi, hizo seli?
Akayakusanya maganda kiganjani.
Macho yake yakaenda penye kitambaa cheupe,
na kilicholazwa juu yake, na makali yake.
Basi ndivyo zihesabiwavyo.

Jioni ile nilitoka na mkoba wa ukindu
uliokuwa na uzito kidogo kuliko kawaida.
Kwenye daftari Famau aliandika: wa saba, ametoroka.
Hakuniuliza. Nami sikumwuliza kwa nini hakuniuliza.

Mama yangu, Bi Maka, ana mwaka na nusu
tangu homa ile imwachie ulimi wa chumvi na joto tu.
Aliunguza wali akiwa ameketi kando yake.
Alivaa kikuba kilichonyauka siku tatu, nami nikanyamaza.
Sasa namwekea vichupa vinne, asubuhi na magharibi:
karafuu, ndimu, udi, mkadi.
Vuta, mama. Taratibu. Ukumbuke.
Akavuta, akanitazama:
Wanifanya panya?
Ndiyo, nikasema, na hakujua kwamba sifanyi mzaha.

Wiki ya tano, hakuna.
Wiki ya saba alisema karafuu, lakini alikuwa amekiona kichupa.
Wiki ya tisa tuligombana juu ya bei ya mkaa
na nikavisahau vichupa vyote dirishani.

Usiku, taa imezimika mtaa mzima,
mama kajilaza juu ya busati, macho kayafumba.
Nilidhani amelala.
Esha, akasema, yeo humu ndani mna panya.

Hamna, mama.

Mna, akasema,
na akanyosha kidole gizani,
moja kwa moja,
penye mkoba.