Fungu la Kumi

Aprili, Bloemfontein. Hita ya ofisi inanuka vumbi lililoungua,
na mimi, Keneuoe wa Ofisi ya Utafiti, chumba B14,
nina makala mia sita na tatu za kuthibitisha
kabla ya tarehe kumi na tano ya Mei.
Baada ya hapo Wizara hufunga mlango,
na kisichohesabiwa hakikuandikwa.

Kazi yenyewe si elimu. Ni kupekua.
Jarida limo kwenye orodha? Weka tiki.
Nambari yake ya usajili inasomeka? Weka tiki.
Lilipitiwa na wataalamu? Onyesha barua.
Mwandishi amekitaja chuo chetu kwa jina kamili,
si kwa kifupi, si kwa lile jina la zamani
ambalo Profesa Swanepoel hataki kuliacha?
(Nimempigia simu mara nne. Anasema ataangalia.)

Ruzuku ni riziki iliyovaa tai:
makala ya kurasa kumi na moja kuhusu meno ya panya,
hiyo ndiyo taa za maktaba, ndiyo mshahara wa bawabu,
ndiyo hita hii inayonuka.
Sicheki. Nimejifunza kutocheka.

Leo, saa tisa alasiri, faili nambari 417:
kina cha maji ya mto Caledon, vipimo vya miaka kumi na moja.
Mwandishi wa tatu, Pontsho Rakgoale.

Pontsho, wewe ulikufa Agosti.
Makala imetoka Desemba.
Fomu inauliza: mwajiriwa wa kudumu,
wa mkataba, mwanafunzi, au mwingine?
Nikashusha kishale, nikakipandisha.
Hakuna kisanduku cha marehemu.
Bi. Kriel, meza ya pili, bila kuinua macho:
"Muhimu ni anwani. Anwani haifi."

Na anwani zako zilikuwa mbili,
maana mwaka ule ulikuwa nusu kwetu, nusu Delft.
Waandishi watano: moja kwa tano.
Anwani mbili: gawa tena.
Fungu la kumi, Pontsho.
Kanisani kwetu Botshabelo tunalitoa;
hapa tunalipokea.
Sifuri, nukta, moja.
Nikalichapa kwa kidole kimoja, polepole,
kama mtu anayebonyeza kengele ya nyumba
anayojua haina watu.

Ningefunga faili hapo. Nikateremka hadi chini,
pale herufi zinapokuwa ndogo kama sisimizi,
pale mkaguzi hafiki:
*Tunamshukuru Bw. Selebalo Moiloa, mchungaji,
aliyesoma kipimo cha darajani kila asubuhi.*

Kila asubuhi. Nikatoa kikokotozi, si ndiyo kazi yangu?
Siku elfu nne na kumi na saba.
Baridi ya Juni, buti za mpira, ng'ombe wakisubiri,
daftari ndani ya mfuko wa plastiki lisilowe,
na mto ambao haukuwahi kumwambia ahsante.
Shukrani, kwa mujibu wa mwongozo, hazina alama.
Asiyekuwapo na lake halipo, sawa.
Lakini huyu alikuwapo.
Kati ya wote sita, wewe ukiwemo, Pontsho, unisamehe,
huyu ndiye aliyekuwapo kila siku.

Mwongozo unataka nakala ya ukurasa wa kwanza
na ule wenye anwani. Basi.
Nikaskani wa kwanza. Nikaskani wenye anwani.
Kisha nikaulaza wa mwisho kwenye kioo,
nikafunika, nikaacha mwanga upite.

Mkaguzi ataandika pembeni, kwa wino wake mwekundu: *Haihitajiki.*
Na aandike.
Ili aandike hivyo, itambidi kwanza aufungue.

Faili nambari 418. Swanepoel.
Jina la zamani.