Daftari la Mahudhurio

Kila Alhamisi ya mwisho wa mwezi
mimi ndiye niombaye viti Idara ya Uhasibu,
arubaini, kwa barua yenye muhuri,
nao hunipa thelathini na sita
maana wanajua kuhesabu.

Mimi ndiye nibandikaye tangazo langoni,
kati ya chumba cha kupanga Kisauni
na paka aliyepotea Ganjoni:
Idara ya Kiingereza inawaalika nyote.
Na chini, kwa herufi zinazobeba shughuli yenyewe:
Viburudisho vitakuwepo.
Miaka kumi na moja. Najua sasa
nadharia huleta safu moja, riwaya mbili,
viazi karai hujaza ukumbi.

Leo mgeni kaja na makala kuhusu kimya.
Kurasa thelathini na mbili za kimya,
na pangaboi letu, shingo imelegea tangu Ramadhani,
lamwitikia kila sentensi: kweli, kweli, kweli.
Dakta Mwakio amesinzia kwa heshima, kalamu mkononi.
Wa Likoni washaanza kutazama saa;
kivuko hakina habari ya maswali na majibu.

Kisha wanafunzi.
Wa tatu ni Tima Shekue, mwaka wa pili, miwani ya kuazima,
shairi lake la Kiingereza
juu ya mama ashonaye kofia.
Na mama mwenyewe yupo, nyuma kabisa, kando ya birika,
amekalia kreti la soda, mfuko magotini.
Kiingereza chake ni cha bei tu, cha kuuzia watalii.
Anasikiliza kwa shingo. Anasikiliza kwa vidole,
nimeviona, vinatoboa hewa
vitobo vidogo vidogo, safu kwa safu,
kila mtoto anapovuta pumzi.

Makofi. Mgeni akausifu ule mkato wa mstari,
ule ushujaa wa kuuacha weupe ukae ukurasani.
Mkono ukanyanyuka nyuma.

"Mwanangu, pale kati uliponyamaza,
ulikuwa umesahau?"

Ukumbi ukacheka. Tima akaisukuma miwani puani.
"La, mama. Pale mstari umekatika."
"Umekatika?"
"Nimeukata mwenyewe."
"Na fundo hukupija?
Uzi usopijwa fundo, mwanangu,
kofia ikifuliwa mara moja wafumuka wote."

Mgeni akaomba atafsiriwe.
Wataalamu wanne wa lugha wakatazamana:
liko fundo la uzi, akasema mmoja,
na liko fundo la moyo, akasema wa pili,
wa tatu akaleta fundo la mguu,
Dakta Mwakio akaamka akauliza tumefika wapi,
na chai ikapoa.
Tima hakusema kitu. Alikuwa ameipindua karatasi
anaandika kwa penseli, upesi,
kama mtu aliyeitwa sokoni akakumbuka pesa.

Saa kumi na mbili kasoro nikapitisha daftari.
Jina. Taasisi. Sahihi.
Jina akaliandika kwa herufi za Kiarabu, toka kulia,
likavuka mpaka wake likaingia kwa jirani.
Taasisi ndiyo nini, akaniuliza.
Pale ufanyiapo kazi, mama.
Akafikiri.
"Andika: kizingitini kwangu, Kibokoni,
jua likiwa upande wa pili."
Nikaandika yote. Kisanduku hakikutosha,
nikamalizia pambizoni.
"Basi ushanitia chuoni," akasema,
na bibi yangu naye aliita hivyo kila kitabu,
hata kile cha madeni ya duka: chuo.
Nikamwambia naam, nimekutia.

Asubuhi mkuu wa kitivo amenirudishia ripoti,
alama ya kuuliza kwa wino mwekundu pambizoni.
Na Uhasibu wamepiga simu mara mbili.
Hesabu haiingii, wanasema:
viti thelathini na sita,
watu thelathini na saba.